Saa 72 za Kwanza: Wajibu wa Mtoa Huduma za Afya Mbele ya Ukatili wa Kingono

Mtu aliyefanyiwa ukatili wa kingono huhitaji mambo mengi: tiba, faraja, usalama na haki. Baadhi ya mahitaji hayo huweza kungoja siku kadhaa. Mengine hayangoji. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI (VVU) hutakiwa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba kabla ya siku 5. Kwa sababu hiyo, zahanati, kituo cha afya au hospitali ndiyo mlango unaopaswa kufunguliwa kwanza, na namna mtoa huduma anavyompokea manusura katika saa ile ya kwanza huweza kuamua afya yake ya miaka mingi ijayo.

Makala haya yanaeleza yale ambayo mtoa huduma anapaswa kuyatenda, yale asiyopaswa kuyatenda, na yale ambayo mkazi wa kata ana haki ya kuyatarajia anapofika kituoni.

Maana ya ukatili wa kingono

Ukatili wa kingono ni tendo lolote la kingono, au jaribio la tendo hilo, analofanyiwa mtu pasipo ridhaa yake, au mtu ambaye kwa umri au hali yake hawezi kutoa ridhaa. Ndani yake yamo ubakaji, ulawiti, kushikwashikwa sehemu za mwili, kulazimishwa ngono kwa ahadi ya kazi, alama za shule au chakula, na kutishwa ili kunyamaza.

Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza makosa haya katika Kanuni ya Adhabu na kuyawekea adhabu kali. Kosa la ubakaji huadhibiwa kwa kifungo kisichopungua miaka 30, na anayembaka mtoto wa kike mwenye umri wa chini ya miaka 10 hupewa kifungo cha maisha.

Tatizo si dogo. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa takribani wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa angalau tendo moja la ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao hawakufika kituo chochote cha huduma. Takwimu hiyo ya wavulana yafaa izingatiwe, kwa kuwa katika jamii nyingi mtoto wa kiume aliyefanyiwa ukatili huficha zaidi, naye huulizwa kwa nadra zaidi.

Hesabu ya saa

Mfano ufuatao si wa mtu yeyote halisi, bali umetungwa ili kuonyesha jinsi muda unavyopotea.

Binti wa miaka 14 anafanyiwa ukatili siku ya Ijumaa, saa 12 jioni, akitoka kuteka maji. Usiku ule hasemi neno. Jumamosi mchana anamweleza shangazi yake. Shangazi anamngoja baba wa binti arudi kutoka gulioni, na baba anaporudi anawaita wazee wa ukoo. Jumapili wazee wanakaa. Upande wa mtuhumiwa unaleta maneno ya kuomba yaishe kindugu; kunatajwa mbuzi na fedha. Mazungumzo yanaahirishwa hadi Jumatatu. Jumatatu asubuhi mama anaona binti ana maumivu anapokwenda haja ndogo, ndipo anampeleka zahanati. Kufikia hapo zimepita zaidi ya saa 60. Ikifika saa 12 jioni ya siku hiyo, saa 72 zitakuwa zimetimia.

Katika mfano huu hakuna aliyetaka binti aumie zaidi. Kila mmoja alidhani anafuata utaratibu. Hata hivyo, kikao cha wazee kilitumia saa ambazo dawa ilizihitaji. Na iwapo zahanati hiyo itamwambia mama aende kwanza kituo cha polisi kilichoko kilomita 20 kutoka pale, ndipo arudi, basi muda uliobakia nao utaishia barabarani.

Ikumbukwe pia kuwa saa 72 ni mpaka wa mwisho, wala si muda wa kungojea. Dawa zikianzwa ndani ya saa chache za mwanzo hufanya kazi vizuri zaidi kuliko zikianzwa siku ya tatu.

Tiba kwanza, fomu baadaye

PF3 ni fomu ya Jeshi la Polisi. Hutolewa kituo cha polisi, hujazwa na mtoa huduma aliyemchunguza mgonjwa, kisha huweza kutumika mahakamani kama ushahidi. Ni fomu muhimu, na manusura anayetaka kesi ifunguliwe ataihitaji. Lakini haikuwekwa iwe tiketi ya kupatia dawa.

Mtoa huduma anapompokea manusura asiye na PF3, wajibu wake ni kuanza tiba ya dharura, kuandika kwa ukamilifu yale aliyoyaona, na kusaidia fomu ipatikane wakati huduma ikiendelea. Yale aliyoyaandika kwenye faili siku ile ndiyo yatakayomwezesha kujaza PF3 kwa usahihi itakapoletwa. Pale penye Kituo cha Mkono kwa Mkono, kama vile Hospitali ya Amana jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Mnazi Mmoja kule Zanzibar, manusura huwakuta mtaalamu wa afya, afisa ustawi wa jamii na askari polisi mahali pamoja, asilazimike kuieleza habari yake upya katika kila ofisi.

Kwa wakazi wa vijijini, kituo cha namna hiyo huwa mbali. Ndiyo maana zahanati ya karibu haina budi kujua sehemu yake: kutoa huduma ya kwanza, kuanza dawa zilizopo, na kumpa manusura rufaa ya siku hiyohiyo kwa zile zisizopo, huku ikiwapigia simu wenzao wa hospitali ili wamtarajie. Rufaa isiyoambatana na simu wala usafiri aghalabu huishia nyumbani.

Mambo matano ya kumpokea manusura

Shirika la Afya Duniani limewapa watoa huduma wa ngazi zote utaratibu wa msaada wa kwanza wenye hatua tano. Hauhitaji mashine wala shahada ya juu.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza. Manusura apelekwe chumba chenye faragha, aketi, aseme kwa mwendo wake. Asiulizwe mbele ya foleni, wala asikatizwe.

Hatua ya pili ni kuuliza mahitaji yake. Pengine jambo linalomsumbua saa ile ni mtoto mchanga aliyemwacha nyumbani, au hofu ya kwamba mumewe atajua. Mtoa huduma asikisie.

Hatua ya tatu ni kumwonyesha kuwa anaaminiwa na kwamba hana kosa. Maneno machache yatosha: "Pole sana. Kilichotokea si kosa lako. Umefanya vyema kuja." Maswali kama "Ulikuwa umevaa nini?" au "Mbona hukupiga kelele?" hayana kazi ya kitabibu. Mtu akiganda kwa hofu hashindi kupiga kelele kwa kupenda. Mwili wenyewe humnyima sauti.

Hatua ya nne ni kuangalia usalama. Je, aliyemdhuru anaishi nyumba ileile? Je, usiku huu atalala wapi? Ikiwa kurudi nyumbani ni hatari, afisa ustawi wa jamii aitwe kabla manusura hajaondoka.

Hatua ya tano ni kumwunganisha na msaada mwingine: Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, ustawi wa jamii, msaada wa kisheria, au ndugu anayemwamini yeye mwenyewe.

Katika hatua zote, siri ni nguzo. Muuguzi anayelisimulia tukio sokoni au kwenye kundi la simu huwa amemfungia mlango si manusura huyo tu, bali na wale wote waliokuwa wakitafakari kuja.

Uchunguzi na ushahidi

Uchunguzi wa mwili hufanywa kwa ridhaa. Mtoa huduma hueleza atafanya nini na kwa sababu gani, na manusura anayo haki ya kukubali sehemu moja na kukataa nyingine. Anayekataa kuchunguzwa sehemu za siri bado hupewa dawa. Inafaa awepo mtu wa tatu chumbani, muuguzi au ndugu aliyechaguliwa na manusura, ili kumlinda mgonjwa na kumlinda mtoa huduma pia.

Nguo alizovaa wakati wa tukio huhifadhiwa katika bahasha au mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Ingefaa manusura asioge wala kubadili nguo kabla ya kuchunguzwa. Lakini aliyekwisha kuoga asirudi nyuma kwa kudhani amechelewa. Tiba yake haitegemei jambo hilo.

Ziko dhana mbili potofu ambazo mtoa huduma hana budi kuziepuka katika maandishi yake.

Ya kwanza ni kwamba uchunguzi waweza kuonyesha kama msichana ni bikira. Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la kutaka upimaji huo ukomeshwe, kwa kuwa hauna msingi wa kisayansi na unamwumiza anayepimwa kwa mara ya pili.

Ya pili ni kwamba pasipo jeraha hapakuwa na ukatili. Manusura wengi hawana jeraha linaloonekana. Sheria ya Tanzania nayo inatamka kuwa kuingiliwa hata kwa kiasi kidogo kunatosha kuthibitisha tendo, na kwamba alama za kupambana mwilini si lazima ili kuthibitisha kutokuwepo kwa ridhaa. Kwa hiyo mtoa huduma huandika alichokiona na alichoelezwa, kwa maneno ya manusura mwenyewe, pamoja na tarehe na saa. Haandiki "hakubakwa", kwani uamuzi huo ni wa mahakama.

Maandishi hayo hudai umakini kwa sababu nyingine tena. Mshtakiwa ana haki ya kuomba daktari aliyejaza fomu afike mahakamani kuulizwa maswali. Mwandiko usiosomeka, saa isiyotajwa au sahihi iliyosahauliwa huweza kuidhoofisha kesi ambayo manusura alijikaza sana kuifungua.

Dawa na ratiba yake

Huduma ya kitabibu kwa manusura aliyefika mapema hujumuisha mambo yafuatayo:

- Tiba ya majeraha, na chanjo ya pepopunda pale panapohitajika.
- Kipimo cha VVU, na dawa kinga zinazojulikana kama PEP, kuanzia kabla ya saa 72 kwisha na kuendelea kila siku kwa siku 28. Anayegundulika kuwa tayari anaishi na VVU huunganishwa na Kliniki ya Tiba na Matunzo.
- Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba kwa aliyefikia umri wa kushika mimba, ndani ya siku 5, na mapema iwezekanavyo.
- Dawa za kutibu magonjwa ya zinaa, pasipo kungoja dalili.
- Chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa ambaye hajaipata.
- Ushauri nasaha, na miadi ya kurudi.

Jambo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Wengi huacha PEP kabla ya siku 28 kwa sababu ya kichefuchefu, au kwa hofu kwamba majirani wakiona kopo la dawa watasema. Mtoa huduma mwangalifu huyataja mambo hayo mapema, hushauriana na manusura mahali pa kuzitunza dawa, na humwekea miadi. Kipimo cha VVU hurudiwa baada ya wiki 6 na tena baada ya miezi 3. Miadi hiyo hiyo hutumika kuuliza habari za usingizi, hamu ya kula na mawazo ya kukata tamaa, kwani jeraha la moyo huweza kujitokeza wakati la mwili limekwisha kupona.

Aliyefika baada ya siku 5 naye asirudishwe. Magonjwa ya zinaa bado yanatibika, ujauzito hupimwa, chanjo na ushauri hutolewa, na kesi huweza kufunguliwa.

Manusura anapokuwa mtoto

Mtoto hupewa kipaumbele, na dozi zake hupangwa kwa uzito wa mwili. Huelezwa mambo kwa lugha anayoielewa, na haulizwi habari ileile mara nyingi na watu tofauti. Ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi. Lakini pale mzazi au mlezi anapokuwa ndiye mtuhumiwa, au anapomlinda mtuhumiwa, mtoa huduma humwita afisa ustawi wa jamii.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Mtoa huduma naye ni mwanajamii. Hivyo, katika suala la mtoto, siri haina maana ya kunyamaza. Maana yake ni kuwaambia wale tu wanaopaswa kuchukua hatua.

Kuzuia kabla ya kutibu

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kituo cha afya huona nyufa nyingi kabla ya nyumba kuanguka: msichana anayerudi mara kwa mara na magonjwa ya zinaa, mjamzito mwenye umri wa miaka 15 aliyesindikizwa na mtu mzima anayemjibia kila swali, mtoto aliyeacha kukojoa kitandani kisha akaanza tena, mwanamke ambaye majeraha yake hayalingani na maelezo ya kuanguka. Katika kila hali hizi mtoa huduma humtenga mgonjwa na aliyemsindikiza, kwa kisingizio cha kipimo ikibidi, na kumwuliza kwa upole kama yuko salama nyumbani. Swali moja lililoulizwa kwa faragha huweza kuzuia tukio la pili.

Kliniki ya mama na mtoto nayo ni darasa. Pale wazazi huweza kufundishwa kuwa mtoto anapaswa kuzijua sehemu za mwili wake kwa majina, kujua kuwa anaweza kukataa kushikwa, na kwamba aliyemtaka atunze siri dhidi ya mama yake hamtakii mema. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii huyafikisha mafunzo hayo majumbani, mahali ambapo bango la zahanati halifiki.

Hatimaye, kinga huanzia ndani ya kituo chenyewe. Mtumishi anayetumia nafasi yake kumtaka mgonjwa kimapenzi huvunja maadili ya taaluma na sheria pamoja, na wenzake wanaonyamaza humpa kivuli.

Wajibu wa wakazi

Mtoa huduma hawezi kumtibu asiyefikishwa kwake. Familia inapopata habari ya ukatili, hatua ya kwanza iwe ni kituo cha afya, siku hiyohiyo, usiku au mchana. Vikao vya ukoo havirudishi saa zilizopita, wala fidia ya mbuzi haizuii VVU. Isitoshe, kosa hili ni la jinai, na familia haina mamlaka ya kulifuta.

Taarifa huweza kutolewa kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, kwa Dawati la Jinsia na Watoto, au kwa Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto iliyoundwa chini ya Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto. Simu namba 116 hupokea bila malipo taarifa zinazohusu watoto, na namba 112 ni ya polisi kwa dharura. Manusura asiye na fedha amwone afisa ustawi wa jamii, ambaye hushughulikia misamaha.

Pale mkazi anapokataliwa huduma, anapotakiwa kutoa chochote nje ya utaratibu, au anapoona siri imetolewa, amwendee Mganga Mfawidhi wa kituo. Asiporidhika, Kamati ya Usimamizi ya kituo hicho, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya. Malalamiko ya namna hiyo hayamgombanishi mkazi na zahanati. Humfungulia mlango manusura atakayefuata.

Maswali ya kujadiliwa katika mikutano ya vitongoji na vikundi

1. Ukatili ukitokea usiku katika kitongoji, ni usafiri gani utamfikisha manusura kituo cha afya, na nani ataulipia?
2. Je, zahanati ya kijiji ina chumba ambamo mtu huweza kuzungumza bila kusikiwa na walioko kwenye foleni? Kama hakina, kamati ya kituo imepanga nini?
3. Wazee wa ukoo wafanye nini ili busara yao imlinde manusura badala ya kumchelewesha?
4. Wavulana na watu wenye ulemavu waliofanyiwa ukatili hupata wapi mtu wa kumweleza?